Michezo ya Kimya Chini ya Mabati

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya Kinyala, nilifundisha kidogo tu, mvua ikaanza. Darasa halikuwa na dari. Mvua ya Rungwe ikipiga mabati matupu, hata ukipiga mayowe mtoto wa dawati la mbele hakusikii. Nilipaza sauti mpaka koo likakauka. Mwalimu Mkuu alinikuta hivyo, akanivuta hadi ofisini.

"Binti, ukishindana na mvua kwa koo utastaafu bubu. Na wale watoto usiwaache wakae bure."

Nilinuna, maana nilitoka chuoni nikijiona najua kila kitu. Lakini ndipo nilipoanza kutunga michezo ya kimya. Mmoja ulikuwa wa hesabu: nainua kadi yenye swali, watoto wanajibu kwa vidole, mstari uliopatia unapewa kisoda, yaani kifuniko cha chupa ya soda. Mwingine, walioupenda kuliko yote, ni wa mgongoni. Watoto wanakaa kwa mstari, wote wakitazama ubao. Wa mwisho namwonyesha neno kwenye kadi. Analiandika kwa kidole, herufi moja moja, mgongoni mwa mwenzake, naye anampa wa mbele yake, hadi wa kwanza aende kuliandika ubaoni. Ukiona neno limefika zima, ujue mstari mzima unajua kusoma.

Baadaye nilihamishiwa Lupepo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni zimerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, na malori ya Dar es Salaam yanafuata ndizi hadi huku kwetu. Ndizi zilipopata soko, wazazi wengine walianza kuona shule inawapotezea vibarua.

Nilipewa darasa la pili, na humo alikuwamo msichana aitwaye Subilaga. Walimu walinionya kuwa ni mkaidi, ukimwita haitiki. Lakini mvua iliponyesha, mstari wenye Subilaga mbele haukushindwa. Nilishangaa, kisha nikaanza kumchunguza. Nilidondosha rula nyuma yake. Wenzake waliruka, yeye akaendelea kuandika. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa hasikii.

Nilimkimbilia Mwalimu Mkuu wa Lupepo. Hakuinua macho.

"Umechelewa, Mwalimu. Baba yake anakuja kesho kumwondoa. Anataka akalinde mikungu yake barabarani. Na sisi hapa hatuna mwalimu wa viziwi. Usijiingize."

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulikuwa katikati ya mchezo wa mgongoni nilipomwona yule baba mlangoni, maji yakimchuruzika, fimbo mkononi, na Mwalimu Mkuu nyuma yake. Sikusimamisha mchezo. Nilitaka aone. Subilaga aliandika neno ubaoni bila kosa, akarudi kukaa.

Mvua ikapungua. Baba akaita, "Subilaga!"

Darasa zima liligeuka isipokuwa yeye.

"Umeona kibuli chake, Mwalimu?" Akaingia na fimbo juu.

Nilisimama katikati yao. "Baba Subilaga, kabla hujampiga, mwite tena. Sogea karibu, mwite kwa nguvu zako zote."

Aliita mpaka watoto wakaziba masikio. Subilaga alikuwa anapanga visoda vyake kwenye dawati. Nikamgusa bega. Aligeuka akicheka, akidhani ni zamu yake tena. Alipomwona baba yake na ile fimbo, akajikunyata na kufunika kichwa kwa mikono.

Yule mwanamume alishusha fimbo polepole.

"Ina maana nimekuwa nikimpiga bule?"

Ningemjibu ningemtukana.

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Ndiyo hivyo, mzee. Hapa hatuwezi kumsaidia. Mchukue tu."

Nilimtazama bosi wangu kwa hasira ambayo ingeweza kunifukuzisha kazi. Uamuzi haukuwa wangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Baba alisimama akitazama ubao, kisha migongo ya watoto.

"Mwalimu, ule mchezo wenu," alisema. "Nami nionyeshe."

Nilimketisha nyuma ya binti yake, dawati likalia kwa uzito wake. Alijua kusoma, aliwahi kupita kisomo cha watu wazima. Alinyoosha kidole chake kigumu cha shamba, akaandika mgongoni mwa mtoto, taratibu kabisa. Subilaga kwanza alishtuka, kisha akatulia. Mtoto akainuka, akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa:

BAKI.

Aligeuka kututazama, akitaka kujua kama amepatia.

Nimestaafu, naishi Makandana, na walimu vijana hunitembelea. Wengine huniambia michezo ni ya kupumzisha watoto baada ya somo. Hao mimi huwakaripia, huku wakinywa chai yangu. Subilaga alimaliza darasa la saba pale pale Lupepo. Siku ya mahafali Mwalimu Mkuu alilisoma jina lake kwa sauti, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyecheka pale baba yake alipoinuka kutoka viti vya wazazi, akapita katikati ya wageni, na kwenda kumgusa bega.