Wivu wa Dalali wa Nyanya

Siku ya kwanza walipokutana, yule mwanamke alisema "Habari ya kazi, kaka," akainama, akalipindua tenga la nyanya juu ya gunia kabla dalali hajamaliza kutaja bei. Nyanya nzuri zilizopangwa juu, nyekundu na zinazong'aa, zikaenda chini. Zikachomoza zilizofichwa: mbichi, zilizobonyea, nyingine zina vidonda.

"Tenga lako limejipaka poda usoni," akasema. "Mimi nanunua na miguu pia. Haya, niambie bei ya mwili mzima."

Wapagazi wakaangua kicheko. Dalali, ambaye soko zima lilimwita Nusu Hasara kwa kuwa hajawahi kuuza kitu bila kulia kwamba anapata nusu hasara, alilia siku hiyo kuliko kawaida. Alitaja watoto wake wanne, tairi la lori, mvua, mgongo. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayengoja mashine ya kusaga inyamaze, kisha akataja bei yake, mara moja tu. Akaondoka na tenga.

Nusu Hasara alimheshimu tangu hapo, heshima yenye kinyongo. Ndiye aliyemwonyesha pa kuweka meza, karibu na bomba la maji, mahali ambapo kila anayeingia sokoni lazima apite. Ndiye aliyemwambia asinyunyizie mchicha maji mengi, utaoza. Miaka iliyofuata alipenda kusema, "Yule nimemtengeneza mimi," na alisema hivyo hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Watu walimwita Mama Fungu. Aliuza kila kitu kwa fungu, na fungu lake halikupungua hata bei zilipopanda. Alipandisha bei waziwazi, lakini fungu aliliacha lilivyo. Mwaka wa tatu aliacha kununua nyanya za Nusu Hasara. Hakugombana naye. Alifunga safari kila wiki kwenda kwa wakulima wa kandokando ya mji, wale wanaotia samadi, wanaopanda kunde baada ya kabichi ili udongo upumue, wanaoacha siku zipite baada ya dawa kabla ya kuchuma. Akanunua kwao moja kwa moja. Mezani pake ikawa foleni, na foleni ile ilianza saa moja asubuhi mbele ya macho ya Nusu Hasara, aliyekaa ng'ambo ya njia na matenga yake.

Hakuwa na njaa. Lori lake lilileta nyanya kutoka mashamba makubwa ya mbali, na mahoteli yalinunua. Tena alikuwa mwenyekiti wa soko, mwaka wa kumi na moja huo. Lakini mtu mwenye wivu hahesabu alichonacho. Alijua ni nani amenunua nini kwa Mama Fungu kuliko alivyojua mauzo yake mwenyewe. Mteja akicheka upande ule, upande huu yeye aliacha chai, akanyoosha shingo.

Kisha ikaja habari ya muswada.

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa bamia, ndiye aliyeileta. Bunge lilikuwa linatunga sheria ya chakula, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema shule na hospitali za umma zianze kununua mboga kwa wakulima na wauzaji wa wilaya zao kabla ya kwenda kwa wengine, na kwamba mkulima anayetunza udongo wake apewe bwana shamba wa kumsaidia. Kampuni za jumla zenye malori ya barafu zilitaka kifungu hicho kifutwe. Kamati ya wabunge ingesikiliza wananchi, lakini isingefika kila mahali. Ingekwenda tu kwenye majimbo ambayo wananchi wake wameandika barua zisizopungua mia mbili. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, saa kumi jioni. Kamati isipokuja, kifungu kingefutwa kimyakimya, na hakuna asiyejua nani angelisha shule.

Mama Fungu hakuitisha mkutano. Aliweka daftari na kalamu tatu karibu na mzani. Kila aliyenunua aliambiwa:

"Dada, kabla hujaondoka, mwandikie mbunge wako. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mwambie unataka nini kwenye sahani ya mwanao shuleni."

"Mama Fungu, si utuandikie, sisi tuweke sahihi?"

"Nikuandikie njaa yako mimi? Sikiliza. Watu mia wakija kwangu na bei moja, najua wamekubaliana njiani. Nawakalia kimya mpaka wachoke. Wakija mmojammoja, huyu analia hivi, yule analia vile, nitasimama wapi? Mbunge naye ni muuzaji. Anauza kura yake kule bungeni. Mwendeeni mmojammoja."

Fundi cherehani aliandika juu ya mwanawe anayerudi shule na tumbo la kujaa gesi. Mkulima mmoja aliandika juu ya shamba la baba yake lililokuwa gumu kama sakafu kabla ya kurudia samadi. Mwalimu aliandika kurasa nne. Mama Fungu akamrudishia mbili.

Nusu Hasara aliyasikia yote. Kilichomuuma hasa hakikuwa daftari. Asubuhi moja katibu wa mbunge alipita sokoni, akavuka mbele ya ofisi ya mwenyekiti, ofisi yenye mlango wa bati na jina lake limeandikwa kwa rangi ya bluu, akaenda moja kwa moja mezani kwa Mama Fungu. Akasimama pale kama mteja.

"Miaka kumi na moja," Nusu Hasara alimwambia mkewe wakati wa kula. "Miaka kumi na moja naandika taarifa za soko. Hata salamu!"

"Una wivu, mume wangu."

"Wivu wa mchicha?"

"Wa mwenye mchicha. Kula, chakula kinapoa."

Kesho yake alikwenda kwa mwenye duka la kutoa nakala. Alikuwa na barua moja iliyopigwa chapa vizuri, iliyoanza: "Sisi wananchi, chini ya uongozi thabiti wa mwenyekiti wetu wa soko..." Akatoa nakala mia saba. Hamu ya kifungu alikuwa nayo ndogo, maana shule zikinunua kwa wakulima wa karibu, dalali wa mbali anaambulia nini? Lakini aliona mbele yake ukumbi, wabunge wamekaa, kiti cha msemaji wa wananchi, na yeye ndani ya kiti hicho. Kwa kiti kile alikuwa tayari kuunga mkono hata mvua ya mawe.

Kwa siku tatu alizunguka. Wapagazi wakasaini, wachinjaji, mafundi viatu, abiria waliopita njia. Hakuna aliyetakiwa kufikiri, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka. Jumatano akapakia maboksi mawili kwenye mkokoteni, akavaa koti, akapita mbele ya meza ya Mama Fungu polepole kuliko ilivyohitajika.

"Mia saba," akasema bila kuulizwa.

"Hongera, kaka," akajibu Mama Fungu, akaendelea kupima vitunguu.

Ofisi ya mbunge ilikuwa ghorofa ya pili. Karani wa kupokea barua alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alichukua nakala ya kwanza, akasoma. Akachukua ya pili. Akachomoa moja katikati ya boksi, na nyingine chini kabisa. Kisha akagonga muhuri kwenye ile ya kwanza tu.

"Barua moja," akasema, akaandika kwenye rejista.

"Mama, hizo ni mia saba!"

"Mzee wangu, hii ni barua moja, imezaa tu. Maneno yale yale, mpaka doa la wino hapa pembeni. Kamati inahesabu maoni, haihesabu karatasi."

"Na yule wa mboga ana ngapi?"

Karani akapitisha kidole kwenye rejista. "Mia moja thelathini na moja mpaka sasa. Na zimegoma hapo tangu jana. Watu wanasema wameshasaini kwa mwenyekiti."

Nusu Hasara akashuka ngazi akiwa ameshika koti mkononi. Alikuwa hodari wa kupiga hesabu, na hii haikuhitaji kalamu. Yule mwanamke hatafikisha mia mbili. Kamati haitakuja. Sehemu moja ya roho yake ilifurahi, tena ilifurahi sana, na asingemwambia mtu. Lakini kamati isipokuja, kiti nacho hakiji. Pasipo na ngoma, hakuna wa kuongoza ngoma.

Basi Alhamisi soko likaona ajabu. Mwenyekiti alipanda juu ya kreti tupu, karibu na bomba la maji, akatangaza kwamba karatasi zake hazikupokelewa, na kwamba kila aliyesaini aandike upya, kwa mkono wake, kwenye meza ile pale. Meza ile hakuitaja kwa jina. Alionyesha kwa kidevu.

"Mwenyekiti, leo unapata hasara nzima!" akapiga kelele mchinjaji.

"Andika, acha mdomo!"

Wengi waligoma. Kuandika ni kazi, na mtu aliyekwisha kuhesabiwa kuwa si kitu harudi haraka. Lakini wengine walikuja. Mpagazi mmoja asiyejua kuandika alisimulia, mwalimu akaandika alichosema neno kwa neno, kisha mpagazi akaweka dole gumba. Kufikia Ijumaa adhuhuri Mama Fungu alikuwa amepeleka barua mia mbili na tisa.

Saa tisa na nusu Nusu Hasara naye alipanda ngazi na bahasha moja. Alikuwa ameandika asubuhi, ndani ya ofisi yake, mlango umefungwa. Alitaka barua ambayo hakuna mteja wa Mama Fungu angeweza kuiandika, na kulikuwa na jambo moja tu alilolijua yeye peke yake. Aliandika:

"Mimi ni dalali wa nyanya. Dawa inapigwa Jumatatu, lori langu linapakia Jumanne. Chupa ya dawa inasema ningoje siku saba. Sijawahi kungoja, kwa sababu dalali mwingine hangoji. Nyanya hizo zinakwenda kwenye mahoteli na kwenye shule mbili. Nyumbani kwangu haziingii. Mke wangu hununua nyanya kwa mwanamke wa ng'ambo ya njia, anazibeba ndani ya mfuko mweusi nisidhalilike, na mimi hujifanya sijui. Mkituachia wenyewe, hatutaacha. Tungeni sheria."

Akasoma mara moja, akaona ni nzuri, akaipeleka. Hakuwaza zaidi ya hapo. Wivu una macho makali ya kuona mezani kwa jirani, lakini pua yake mwenyewe hauioni.

Kamati ilikuja baada ya wiki mbili, kwenye ukumbi wa shule. Mama Fungu aliwekwa mbele, kwenye kiti kile kile, amevaa nguo mpya, na hotuba mkononi iliyokatwa mpaka ukurasa mmoja. Nusu Hasara alikaa mstari wa tatu na meno yamebanana. Mwenyekiti wa kamati akasafisha koo.

"Kabla hatujamsikiliza mama yetu, nataka kusoma barua moja."

Akaisoma yote. Kisha: "Mwandishi yupo hapa?"

Nusu Hasara akasimama. Kiburi kilimshika kwapani kikamwinua. Wakamuuliza maswali kwa karibu saa nzima. Nani anapiga dawa? Nani anakagua? Kwa nini wewe husemi sokoni? Alijibu yote, kwa maana swali la mbunge ni kama bei ya kwanza ya mteja: ukiliogopa umekwisha. Mama Fungu alipewa dakika kumi. Alizitumia vizuri, ndiye aliyewaambia shule ipi inaweza kulishwa na wakulima wepi, kwa majina, na kabichi ngapi kwa wiki. Lakini watu wa redio walikuwa wameshatoka nje na dalali.

Kifungu kilipita, kimekatwa mkia. Shule ziliingia; hospitali ziliachwa zingoje. Mama Fungu akapata shule tatu na wakulima kumi na wanne wanaomtegemea, na makaratasi ya kujaza kila Jumamosi. Nusu Hasara akapoteza nyanya. Mahoteli yaliacha kumpigia simu, wenye mashamba makubwa wakamwita msaliti, na mkewe hakuzungumza naye siku tano kwa ajili ya ule mfuko mweusi uliosomwa mbele ya kamati. Leo anauza vitunguu na viazi. Lakini hakuna anayepita sokoni bila kumtafuta yule mzee wa barua. Wanafunzi wa chuo huja kumhoji. Alialikwa mahali pawili kusema na wananchi, na huko aliwaambia maneno ya Mama Fungu, kwamba waandike mmojammoja, na hakumtaja.

Wiki iliyopita walikuja wageni na kamera. Walisimama mezani kwa Mama Fungu, wakamsalimia kwa adabu, wakauliza, "Samahani mama, yule dalali anakaa wapi?"

Akawaonyesha kwa kidevu.

"Niliita watu mia mbili," akamwambia mteja wake kwa sauti iliyovuka njia. "Mia mbili! Ikasikika sauti ya mwizi mmoja."

"Dada yangu," Nusu Hasara akajibu kutoka kwenye magunia yake, "wewe una shule tatu."

"Nazo chukua, kaka! Niachie kamera."

Alikuwa anacheka aliposema hivyo, na wageni nao wakacheka. Nusu Hasara hakucheka. Aliuangalia uso wa Mama Fungu, namna ulivyokaza midomo baada ya kicheko, namna macho yalivyohesabu watu waliosimama upande wa dalali. Aliufahamu, kwa kuwa ndio uso aliokuwa nao yeye mwenyewe miaka yote ile. Wageni walipovuka njia, akavuta kiti chake mbele kidogo, ili Mama Fungu aione kamera vizuri, ndipo akaanza kuzungumza.