Kadi Moja Ndani ya Kikwembe

Wabelgiji hawajafunga hata mizigo, na sisi tayari tunabishana kuhusu rais wetu wa kwanza. Juzi, dirishani pa tiketi kwenye gare, stesheni ya treni ya Kindu, mfanyakazi wa reli alitafuta kitambulisho mfukoni, zikatoka kadi tatu za vyama vitatu. Tukacheka.

“Leo huyu njo mwenye nguvu, kesho ule,” akajitetea. “Nikamate zote.”

Nyuma yangu mama mmoja muuza chikwanga, mikate ya muhogo, akatua beseni, akafungua fundo la kikwembe chake, kitambaa alichojifunga kiunoni. Ndani mlikuwa na kadi moja, imelegea kwa jasho.

“Miye niko na hii tu. Sijabadilisha hata siku moja.”

“Lakini mama, kura njo ya wanaume,” akasema yule wa reli.

“Najua, baba.” Akaipangusa kwa kidole gumba, akaifunga tena, fundo mara mbili. “Ila mutaniambia. Karatasi ikianguka ndani ya sanduku, inalia namna gani?”

Yule wa reli akarudisha kadi zake tatu mfukoni.

Mimi nina kura, na nyumbani nina kadi mbili. Siku ya uchaguzi nitainama kwenye sanduku, nitege sikio, nimpelekee jibu.