Msitu Uliosafishwa

Nyumbani kwetu Kilolo, ng'ambo ya shamba la mahindi, palikuwa na msitu ambao hakuna aliyeupanda. Mababu walitambikia humo, baba aliulinda, na mama alichuma uyoga humo kila mvua zilipoanza. Baba alipofariki, ukoo ukaanza kuulizana: tuubakize, au tufyeke tupande misindano, miti ya mbao, kama majirani? Vilima vyote vinavyotuzunguka vilikwisha kupandwa kwa mistari, rangi moja, urefu mmoja.

Aliyesukuma zaidi ufyekwe ni baba mdogo. "Miti ni miti," alituambia kwenye kikao cha kwanza. "Hata msindano ukiuacha utazeeka. Huo msitu wa zamani mnaousema ni upi hasa?"

Nilijibu kwa kutaja umri wa miti, nikajiona mjinga, maana umri wenyewe sikuujua. Mama hakubishana na mtu. Alisema, "Mimi naomba mniachie. Sina ombi lingine." Tukakubaliana tuzungumze tena baada ya mavuno, nami nikarudi Mbeya kwenye shughuli zangu.

Mdogo wangu wa kiume alibaki na mama. Ujana wake wote ulikwisha katika mashamba ya misindano kule Mufindi, akifyeka na kupogolea, na kazi hiyo anaipenda mno. Ukipita naye barabarani atakuonyesha shamba lililotunzwa na lile la mzembe. Jina baya kuliko yote kwake ni pori. Na pori ndilo neno alilotumia baba mdogo kwa msitu wetu.

Niliporudi kwa kikao cha pili, mdogo wangu alinipokea kwa furaha, hata salamu hakuimaliza. "Kamwene, dada! Njoo kwanza uone kazi. Wakiuona ulivyotunzwa hawatathubutu kuukata."

Alikuwa ameufyeka chini kote. Kamba zilizopanda hadi vileleni amezikata. Magogo yaliyoanguka kabla hatujazaliwa, yale yaliyolowa na kuota uyoga, ameyaburuta nje na kuyachoma. Ameyapogolea matawi mpaka pale mkono wa mtu na panga unapofika. Miti mikubwa ilisimama yote, hakuangusha hata mmoja, na jua lilipiga ardhini, mahali ambapo utotoni tulikuwa tukishikana mikono ili tusipotezane.

Nilikasirika. Lakini utamgombezaje mtu aliyefanya kazi wiki hizo zote kwa mapenzi? Nikamwambia amejitahidi. Mama alikuwa nyuma yetu amebeba ungo wake wa uyoga, na nadhani hakuelewa aende nao wapi.

Kikao kilifanyika pale pale, kwenye kivuli kidogo kilichobaki. Baba mdogo alizunguka peke yake kwa muda mrefu, akigusa shina hili na lile. Nilitegemea arudi akicheka, lakini alirudi na uso wa msibani.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, baba," mdogo wangu alisema. "Nimesafisha ili tuubakize."

"Tubakize nini, mwanangu?" Baba mdogo aliuliza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Mimi nimepiga kelele muda wote huu, lakini shoka nisingelitia. Nilikuwa nauogopa. Lile giza, ile harufu ya kuoza, vile vitu vinavyotembea chini ya majani. Huo ndio ulikuwa msitu. Hii sasa ni miti tu, na miti tunajua kuikata."

Ukoo ukakubali ukatwe. Mimi niliyekuja na hotuba nzima kichwani niliitazama ardhi iliyofagiliwa. Swali lake la mwanzo lilikuwa limejibiwa, na aliyelijibu ni yeye mwenyewe. Mama alijifunika kitenge kichwani, akauliza kama angojee mvua moja zaidi aone uyoga utaota. Akaambiwa angojee.

Alingoja. Haukuota.

Misindano ilipandwa mvua zilizofuata. Mdogo wangu alichimba mashimo yote mwenyewe, na kila aliyekuja kumsaidia alimrudisha nyumbani.