Matuta Tuliyobomoa kwa Nyimbo

Uhuru ulipokuja tulibomoa matuta ya kuzuia udongo usiporomoke. Mkoloni alikuwa ametulazimisha kuyachimba milimani kote, na asiyechimba alitozwa faini, kwa hiyo siku zile kubomoa tuta kulikuwa sawa na kupandisha bendera. Nilikuwa msichana, nikasukuma udongo kwa miguu huku naimba. Jirani yetu, aliyekuja kuwa baba mkwe wangu, alibomoa ya kwake. Hakuna kaya iliyobaki nyuma.

Kisha, miaka ya Ujamaa, masika moja makali, mlima ukamporomokea baba mkwe akiwa shambani, akafa. Jumapili iliyofuata mwinjilisti wetu akatukumbusha onyo la Yesu, kwamba tusipotubu tutaangamia vivyo hivyo, akafunga Biblia. Kanisa zima likageuka kumtazama mama mkwe. Nyumbani watu wakaanza kuchimbua: mzee alipenda boha, ile pombe ya miwa, tena alikuwa mgumu wa kutoa sadaka. Mama mkwe akaacha kwenda kanisani. Aliniambia, huku anachambua maharage, kwamba mumewe yuko motoni na yeye yuko njiani kumfuata.

Wakati huo nilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, na kusoma kulikuwa kumenipanda kichwani. Nilisoma magunia ya mbolea, nilisoma kanga migongoni mwa wenzangu. Alasiri moja nikaazima Biblia kwa mwalimu nikautafute mstari ule mwenyewe. Nilisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, hadi nikaupata. Kumbe kabla yake kuna habari ya mnara ulioangukia watu wakafa, na Yesu anauliza kama hao walikuwa waovu kuliko wengine wote mjini. Anajibu mwenyewe: sivyo.

Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikaifunga Biblia kwenye kanga, nikateremka mlima mbio, nikaanguka kwenye tope, nikainuka nikicheka. Nilipofika kwa mama mkwe nilikuwa nahema hata shikamoo ikatoka vipande vipande. Nikamsomea. Akataka nirudie. Kisha akaniomba nimwonyeshe lile neno “sivyo”, akaliwekea kidole chake, akakaa nalo.

“Kama si mzee,” akauliza, “basi wanaoonywa ni nani?”

Yeye alikuwa anatazama nje, kule mlimani. Mashamba yote yalikuwa yamelimwa kuteremka, jirani kwa jirani, bila tuta hata moja, na juu ya nyumba ya mwinjilisti ardhi ilikuwa imeshaanza kupasuka.

“Ni sisi tuliobaki,” akasema. “Tulibomoa wote.”

Nikaendelea kusoma, maana nisingeweza kuacha pale. Ikafuata habari ya mti usiozaa: mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anauombea mwaka mmoja tu, aupalilie na kuutia samadi. Mama mkwe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alisema mtunzaji huyo lazima alikuwa Mshambaa kama sisi. Akachukua jembe.

Hakwenda shambani kwake. Alipanda moja kwa moja hadi juu ya nyumba ya mwinjilisti, akaanza kuchimba tuta. Mwinjilisti akatoka, akamwamkia, akamuuliza anafanya nini pale.

“Natubu,” mama mkwe akamjibu. “Na wewe lete jembe lako.”