Pemba ya Mke wa Vitalis

Ng'ombe akianza kulamba kuta na kutafuna mifupa, Vitalis hahitaji kipimo. Ni bwana mifugo wa Basotu kwa mwaka wa sita sasa, mwenyeji wa Mbinga, na maneno hayo ameyarudia kwenye maboma mengi mpaka yamemchosha.

"Mzee, huyu mtamba amepungukiwa madini," alimwambia Mzee Akonaay siku moja. "Mtafutie jiwe la chumvi alambe. Usimpige, si tabia mbaya."

Kisha akawasha pikipiki, akaenda mpaka mahali ambapo haonekani na mtu, akatoa mfukoni kipande cha pemba, ule udongo mgumu ambao wajawazito huutafuna, akakila chote. Mtu mzima, tena mwenye diploma. Lakini ndivyo tulivyo, ya ng'ombe tunayaona mapema.

Uchovu ulikuwa umemwanza kidogo kidogo. Kazi yenyewe haina huruma: kuchanja, kusimamia josho, kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na pikipiki ikikwama kwenye tope, kuisukuma. Akifika nyumbani hana hamu ya kupika. Kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja kulimtia huzuni, basi akanywa chai ya rangi na chapati asubuhi, na jioni chai ya rangi na kilichobaki. Alijaribu vinywaji vya chupa vya kuongeza nguvu, vikampa moyo kwenda mbio na usingizi wa kuvizia. Alinunua vidonge vya vitamini vya rangi ya chungwa, akavimeza kwa chai. Kitu pekee alichokitamani kwa dhati kilikuwa pemba, kwa ile harufu yake ya mvua ya kwanza.

Mwanaume kununua pemba sokoni si jambo dogo. Siku ya kwanza Mama Evaline, anayeuza pemba, dagaa na karanga kwenye meza moja, alimkazia macho.

"Ni ya mke wangu," Vitalis akasema.

"Ooh, ni mjamzito? Hongera, mwanangu."

Hakuwa na mke. Alikuwa na mchumba zamani, ambaye alingoja uhamisho wake mpaka akachoka, akaolewa na mwalimu. Uongo ulitoka wenyewe, na angeuacha hapohapo kama Mama Evaline asingemuuliza tena juma lililofuata: "Mama hajambo? Bado anatapika?"

Hapo ndipo aliponaswa. Basotu nzima ilimjua Vitalis, na Basotu nzima ilimuuliza habari za ng'ombe. Njiani, kanisani, hata akiwa anakula, mtu atamwamkia na papo hapo aanze habari za ndama anayeharisha. Mama Evaline peke yake ndiye aliyeuliza habari za nyumbani kwake. Kwa hiyo Vitalis akaanza kuwa na habari. Mama ameacha kutapika. Mama miguu imevimba. Alirudi nyumbani akiwaza hiyo miguu kana kwamba iko kitandani inamsubiri. Mtoto akiwa wa kike, aliamua, ataitwa Agatha, jina la marehemu mama yake. Ningemcheka, lakini siwezi.

Alianguka kwa kizunguzungu akiwa anachanja ng'ombe wa Mzee Akonaay. Vijana wakambeba kivulini, na kesho yake mzee mwenyewe akampandisha basi la kwenda hospitali ya Haydom, akangoja liondoke ndipo akageuza. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimfunua kope, akasoma majibu ya maabara.

"Damu yako ni ndogo sana, na una minyoo. Unakula udongo?"

"Anayekula ni mke wangu," Vitalis akasema kwa mazoea.

"Basi mwambie aache, na wewe acha kumsaidia." Daktari hakucheka. "Udongo unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Nakupa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Kula maini, dagaa, maharage, mboga za kijani, na chungwa juu yake. Chai usinywe na chakula wala na vidonge, ngoja kwanza."

Vidonge alivimeza kwa maji. Maini aliyaunguza, maharage yakamshinda kabla hayajaiva. Lakini kilichomtesa ni soko. Kuacha pemba ilikuwa kuacha meza ya Mama Evaline, na kuacha meza ile ilikuwa kuacha kuulizwa. Alikaa siku nyingi bila kupita huko, na siku hizo zote hakuna aliyemwambia neno lisilo na mkia na kwato.

Mwishowe akaenda, amekusudia kusema ukweli. Mama Evaline alimwona kwa mbali, akainama chini ya meza, akatoa kanga mpya iliyokunjwa vizuri.

"Umepotea, mwanangu. Amejifungua?"

Vitalis aliitazama ile kanga ya mtoto. Alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Mama Evaline akairudisha kanga chini ya meza taratibu.

"Pole," akasema. "Pole sana, mwanangu."

Jioni hiyo wanawake watatu walifika kwake na sufuria: maini yaliyoungwa vizuri, mnavu, maharage laini, machungwa, na chupa kubwa ya chai. Chai aliiweka kando, akasema atainywa baadaye. Mama Ludovika, aliyekuwa mkubwa wao, akauliza kama mtoto alikuwa wa kike. Vitalis akaitikia, akasema anaitwa Agatha, na mama yake bado yuko Mbinga alikokwenda kujifungulia. Wakamwombea Agatha, na Vitalis akalia tena, kwa uchungu wa kweli, huku anakula.

Walimletea chakula kwa zamu. Kizunguzungu kikaisha. Alipanda kilima cha kwa Mzee Akonaay bila kupumzika, akamkuta mtamba amenenepa. Akaosha sufuria za watu, akazipeleka sokoni.

"Umerudiwa na rangi," Mama Evaline akasema. "Sasa mama yake Agatha, nani anampikia huko? Mlete hapa tumtunze."

Vitalis angeweza kusema anapikiwa na dada yake. Lakini alimwona mama huyu ameshaanza kupanga nani atapika lini, akashindwa.

"Hayupo, mama. Hajawahi kuwepo. Ile pemba nilikuwa nakula mimi."

Mama Evaline hakupiga kelele. Alipokea sufuria, akazipanga chini ya meza karibu na kanga, akarudi kuweka dagaa mafungu. Vitalis aliendelea kusimama. Mwili ulikuwa na nguvu, angeweza kusimama pale mpaka jioni, akingoja aulizwe kitu chochote.

"Na yule mtamba wa Mzee Akonaay," Mama Evaline akasema bila kuinua macho, "hajambo?"

"Hajambo," akajibu Vitalis. "Ameacha kulamba ukuta."