Nafasi Tupu Pembeni mwa Jina la Bibi

Watu wa Buyenzi, mtaa wetu, walimzika bibi yangu kwa sanda na dua, Mwislamu kama wao. Siku chache kabla ya kufa aliniambia kwamba alibatizwa akiwa mtoto, akanitajia na jina lake la zamani na parokia yake. Baada ya maziko niliwauliza wajomba, wakanikemea: sisi ni Waislamu tangu mababu, usituaibishe. Walinikera, nikaenda kwenye parokia ile.

Mama mmoja wa ofisini alifungua kitabu cha ubatizo, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, mpaka tukampata: jina, wazazi, kilima cha kwao alikozaliwa. Pembeni mwa kila jina kulikuwa na nafasi ya kuandika ndoa na kifo. Ya bibi ilikuwa tupu. Alipoolewa Buyenzi na kupewa jina jipya la Kiislamu, kwao hawakumtafuta tena, na kwetu wakanyamaza.

“Niandike amekufa?” mama yule aliniuliza, kalamu mkononi.

Nilitazama jina la yule msichana aliyebatizwa.

“Apana, mama,” nikamwambia. “Tulizika ule mwingine. Huyu bado hatujamulilia.”