Yeye Mafiga, Mimi Dirisha

Nianze na waliokuwepo siku ya kuhamia, asije mtu akasema bibi anajitungia. Alikuwepo mama mkwe wangu, mjane. Ile ardhi ya ziwani Jilore ilikuwa ya marehemu mumewe. Walikuwepo wanawe wawili: mkubwa, shemeji yangu, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi kule Gongoni, na mdogo, mume wangu, mtunza bustani wa hoteli moja ya Malindi. Alikuwepo shangazi yao, dada wa marehemu, aliyefika kutoka Dabaso na kikapu cha kaa wa Mida waliofungwa miguu, wanatoa povu. Alikuwepo mke wa shemeji. Nilikuwepo mimi, na binti yangu wa kwanza, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, kaning'inia kwenye leso yangu.

Majina yao yote ninayo, ya kuzaliwa na ya utani, na la mbwa pia ninalo. Siyaandiki kwa sababu wengine wangali hai, na mmoja wao anasoma kunishinda. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Haya mengine ya kuandika nimeyapata ngumbaru, shule ya watu wazima, tayari nina watoto.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzo mwanzo. Mama mkwe alikuwa amewaita wanawe akawaambia kwamba hataki nyumba mbili zinazotazamana kama majogoo. Alitaka moja, kubwa, pale juu kidogo ya maji, vyumba vya huku na vya huku, jiko moja nyuma. Wanawe walikubali. Sisi wake hatukuulizwa. Watu walituita wake wenza, ingawa kila mmoja alikuwa na mume wake, na ukweli ni kwamba mume ndicho kitu pekee ambacho hatukugombania.

Nyumba ile niliitaka kuliko wote. Mimi nimezaliwa Gede, kando ya barabara. Dirisha letu lilitazama lori na vumbi; ukianika nguo nyeupe asubuhi, jioni unaanua za kahawia. Halafu siku moja nilimpelekea mume wangu chakula kule hotelini, na katika kumtafuta nikapita nyuma ya vyumba vya wageni. Madirisha yote yametazama maji. Mzungu mmoja mama mzima amekaa kitini, hafanyi kitu, hata kufuma hafumi, anatazama tu. Nikasimama na bakuli langu. Tangu siku hiyo nikawa na wivu wa mtu nisiyemjua.

Basi wakati wa kujenga nikamshika mume wangu: dirisha upande wa ziwa, kubwa. Shemeji alikuwa juu anafunga fito. Akacheka mpaka akadondosha kamba.

"Dirisha la upande wa maji la nini, shemeji? Unataka viboko wakiamka wakupe shikamoo?"

"Wakinipa nitaitikia," nikasema.

Dirisha likawekwa. Kisha tukaingia kwenye udongo. Wanaume walisimamisha nguzo na kuezeka makuti. Sisi wanawake tulichota maji ziwani, tukakanyaga udongo kwa miguu, tukakandika. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri mke mwenzangu. Mrefu, hana maneno, mkono wake ukipita ukutani unaacha ukuta kama ngozi ya mtoto. Wakipita watu husimama upande wake. "Huu ukuta nani kaukandika?" Wangu ulipokauka ulipasuka nyufa. Akaja nisipomwona, akaziziba. Jioni watu wakausifu ukuta wangu pia, nami nikajua wanamsifu nani.

Sasa siku ya kuhamia, ile waliyokuwepo wote niliowataja. Ujue kwetu moto haupatikani hivi hivi. Mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, hutolewa jiko la zamani yakaletwa jiko jipya. Mwanamke atakayeyabeba na kuwasha moto wa kwanza, huyo ndiye mwenye moto wa nyumba. Wengine watapika, hawakatazwi, lakini kwanza wabishe hodi na kuomba moto. Hata kama ni maji ya kumwogeshea mtoto, unaomba.

Mama mkwe akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akasema, "Nyumba hii ina pande mbili. Upande wa ziwa una upepo na una hilo dirisha la mwana wa Gede. Upande wa nyuma uko na jiko. Atakayelala ziwani, mafiga habebi. Atakayebeba mafiga, ziwani halali. Sitaki mtu ashike kote kote halafu mimi nisikie kelele uzee huu. Mke wa mkubwa, sema wewe kwanza."

Mwenzangu akainua uso. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Mimi nataka ziwani."

Shangazi wa Dabaso akapiga makofi. "Lo! Huyu kaulizwa chakula, kachagua sahani!"

Wakacheka wote, hata mume wangu. Mwenzangu hakucheka wala hakununa. Akazungusha kata, akaiweka kichwani, akainama akanyanyua figa la kwanza, jeusi kwa masizi ya miaka yote ya mama mkwe. Mimi nikabeba mkeka na kioo changu.

Wiki za mwanzo nilikuwa malkia. Nikifungua dirisha alfajiri, ziwa liko pale kama nimeletewa mimi: ukungu, majani ya yungiyungi yamelala juu ya maji, ndege weupe wa shingo ndefu wanatembea kwa uangalifu kama wanaogopa kuchafua miguu. Nikakaa kwenye kigoda nikatazama, bila kufuma. Nikamngoja mtu apite anione.

Hapakupita mtu ila wachota maji, nao hawakuinua kichwa. Hilo sikulifikiria. Njia ilikuwa nyuma. Mgeni akija anakuja na njia, akija na njia anaona moshi, akiona moshi anapiga hodi jikoni. Na hapo ndipo anapokaa, anapewa uji, anatoa habari zote za Malindi na Gede na Gongoni, nani kaoa, nani kafukuzwa kazi. Mimi huku nasikia vicheko tu kupitia ukuta. Nikifika, habari imekwisha, wanajifuta machozi ya kucheka. "Ungekuja mapema, mayo, tumecheka!"

Na kufika kwenyewe ni kwa hodi.

"Hodi. Naomba moto."

"Karibu, mwana wa barabarani," mwenzangu hunijibu, sauti tamu kama halua. "Moto wako huo, chukua."

Angenijibu vibaya ningepumua. Alinijibu vizuri kila siku ya Mungu, na kila siku nilirudi chumbani na sufuria yangu nikitamani kuitupa majini.

Nikamwambia mume wangu aniletee stovu. Akaleta moja ya mafuta ya taa, kuukuu, ya wafanyakazi wa hoteli. Nikaiweka chini ya dirisha langu. Upepo wa ziwa ukaizima. Nikawasha, ukaizima. Nikafunga dirisha, moshi ukanifukuza mimi mwenyewe. Mwisho nikasonga sima, nikampakulia binti yangu, akala tonge moja akanitazama.

"Mama, hii sima au taa?"

Neno hilo likafika jikoni kabla ya magharibi, wala sijui lilipita wapi. Nikasikia mama mkwe anakohoa kwa kicheko.

Binti naye akaanza shule. Wakati ule watoto waligawiwa maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti. Watoto wengi hunywa huko huko, lakini wangu alikuwa na moyo wa kuleta nyumbani. Siku moja nikamwona anakuja mbio kwa kando ya maji, pakiti kaikumbatia kifuani. Nikatandaza mikono dirishani. Akapita! Akazunguka nyuma. Nikamfuata nikamkuta kashaimimina kwenye birika la mwenzangu, chai inachemka, kakaa kwenye kigoda chake mwenyewe alichowekewa pale.

"Mbona hukuniletea mimi?"

"Kwako hakuna moto, mama."

Baba yake naye alikuwa vile vile. Jumamosi anarudi kutoka Malindi, anapita jikoni kumwamkia mamake, anawekewa chai, anaongezwa muhogo wa nazi, na kambare yuko motoni kwa nini asionje. Akifika kwangu anafungua mkanda wa suruali.

"Nimekupikia," nasema.

"Nimeshiba, mama watoto. Acha nitazame ziwa letu kidogo." Kisha analala.

Nikashika mimba ya pili. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, mto Sabaki ukafurika na ziwa likanenepa mpaka maji yakawa chini kabisa ya uwanja. Nikajifungulia chumbani kwangu, mama mkwe akinizalisha, mume wangu yuko kazini. Akatoka mwanamume mzima mwenye sauti. Na mzazi, mnajua, haombi moto, moto humfuata. Anahitaji maji ya kumkanda, uji, joto la chumba. Asubuhi nikasikia mlangoni kwangu:

"Hodi."

Ni yeye, na makaa kwenye gae. Nyumba ina misimu kadhaa tangu tuhamie, naye alikuwa hajapata kukanyaga chumba changu, kwa kuwa ilikuwa lazima abishe hodi kwangu kama mimi nilivyobisha kwake. Akaingia hatua mbili akasimama. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limeyashika maji.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Ziwa. Mimi nalijua la kuchotea maji. Hili la kukaa ukalitazama silijui."

Akaendelea kusimama, makaa yanafifia mkononi. Nikauona uso wake. Nilikuwa nimeutafuta uso ule tangu siku ya kwanza, uso wa kunionea wivu, nao ulipokuja sikuupenda. Nikahisi ataniondolea na hilo moja nililobaki nalo.

"Funga dirisha, dada. Mtoto ana baridi."

Mtoto alikuwa amezongwa nguo tatu, jasho linamtiririka. Akalifunga.

Basi ikawa kila asubuhi anakuja kunikanda, na akija anafungua dirisha, nami nasema mtoto ana baridi, anafunga. Akigeuka kukamua kitambaa, mkono wake mwingine unasukuma ubao wa dirisha. Mama mkwe kalala pembeni kwenye mkeka, tunadhani kasinzia. Akasema bila kufumbua macho, "Mngeachiwa kaburi langu mgawane, mngepigania upande wa kichwa."

Siku za uzazi zikakaribia kwisha. Mwenzangu akaniambia huku ananifunga tumbo, "Mdogo wangu, tubadilishane. Jioni wewe pika, mimi nichambulie mchele hapa dirishani. Jikoni hutaomba, na hapa mimi sitabisha."

Nikafanya kama nafikiri. Sikuwa nafikiri, nilikuwa nimeshaondoka.

Jioni ya kwanza niliingia jikoni mdomo umefungwa. Sikusema hodi. Nikachochea kuni, nikakuna nazi, nikapika wali ambao mpaka leo sijaupika tena vile. Nikawa nangoja mgeni aje anikute. Akaja jirani, mama mmoja mnene wa upande wa pili wa njia, akachungulia.

"Hodi humu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Si mimi hapa."

"La, nasema mwenyewe. Mwenye jiko."

"Yuko chumbani kwangu," nikasema, "anatazama maji."

"Aa, basi namfuata huko huko." Akaenda. Na mwingine akaja akaenda. Mimi kwenye moshi, machozi yananitoka, nasikia chumbani mwangu vicheko vinapanda. Wanawake waliokuja kuteka maji wanamwita kutoka chini kwa jina lake, naye anawajibu dirishani. Mimi nilikaa pale miaka, hakuna aliyeniita. Ikawa moto ni wake hata akiwa hayupo, na dirisha nimelitoboa mimi lakini akikaa yeye ndiyo linapata watu.

Nikamlilia mume wangu Jumamosi mpaka akachoka. Akasema, "Basi. Nimesikia. Nitakujengea yako peke yako, pale kwenye ile miti, ng'ambo ya kijito. Madirisha mawili, ukitaka matatu, jiko lako, mafiga utaokota mapya. Utatulia?"

Tukaenda kupaona. Palikuwa pazuri kuliko pale tulipo, nasema kweli. Ziwa unaliona lote, mpaka kule linakoingia matete. Mume wangu akapima kwa hatua, akachomeka vijiti. "Hapa mlango. Hapa utakaa."

Nikasimama pale penye mlango nikageuka. Nikaona nyumba yetu kwa mbali, moshi unatoka nyuma, na dirisha langu liko wazi.

"Nikihama," nikamuuliza, "chumba changu kitachukuliwa na nani?"

Jibu sote tulilijua.

"Ng'oa vijiti," nikasema. "Sihami."

Sijahama. Wanaume wote wawili wametangulia, mama mkwe ametangulia, makuti yamekuwa mabati, na sisi wawili tumebaki, kila mtu na upande wake. Jioni tunabadilishana. Wageni wanaendelea kumuuliza yeye.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Huenda nimechanganya: kama kaa wa shangazi tuliwala kabla ya mafiga au baada, na kama mvua zile zilikuwa za mwaka ule au uliofuata. Yeye hudai kwamba shauri la kubadilishana nililitoa mimi. Kama mlikuwepo, au mamazenu waliwasimulia, nisahihisheni, sitakasirika. Ila msianze kwa kumuuliza yeye.